Kinachotoka kwa Mnyama, Kinachobaki Ardhini

Mwezi Januari 2010, huko Marsabit kaskazini mwa Kenya, wafugaji waliuziwa kwa mara ya kwanza bima isiyomdai mtu aonyeshe mzoga. Setilaiti ndiyo iliyotazama malisho. Ukijani wa nyasi ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, kila mwenye bima katika eneo lile alistahili fidia, awe amepoteza ng'ombe kumi au hakupoteza hata mmoja. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, hawakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hili. Miaka minne kabla, mwaka 2006, bima ya ukoo huohuo ilikuwa imeanza kuuzwa Mongolia kwa msaada wa Benki ya Dunia. Na Januari ileile, mawakala wa Marsabit wakiwaelezea wafugaji habari za setilaiti, Mongolia ilikuwa ndani ya mojawapo ya majira yake mabaya kabisa ya baridi. Hadi nyasi mpya zinachipua, mifugo zaidi ya milioni 8 ilikuwa imekufa, karibu mmoja katika kila watano.

Bima hizo mbili ni ndugu, ila hazikufanana sura. Ya Mongolia huhesabu vifo. Serikali ya huko ina mazoea ya miongo mingi ya kuhesabu mifugo yote nchini, aina kwa aina, wilaya kwa wilaya. Vifo vya wilaya vikizidi kiwango fulani, fidia hutoka. Kenya haina hesabu ya kila mwaka ya namna hiyo, kwa hiyo ya Marsabit ililazimika kuangalia nyasi. Baadaye ukosefu huo uligeuka kuwa faida: kwa kuwa nyasi hunyauka kabla ng'ombe hajaanguka, mikataba ya Afrika Mashariki ilirekebishwa ilipe mapema, mfugaji anunue chakula cha mifugo na maji wakati mnyama angali amesimama. Nimeuanzia ulinganisho wangu hapa kwa sababu hapa ndipo wafugaji wa Mongolia na wa Afrika Mashariki walipokutana kweli, ingawa ni katika karatasi tu. Mengine yote nitakayoyasema yalikua kila moja kwao, bila mmoja kumwiga mwenzake.

Mongolia ni kubwa kidogo kuliko Tanzania na Kenya zikiunganishwa, na watu wake, kama milioni 3.5, ni wachache kuliko wakazi wa mkoa wa Dar es Salaam. Karibu asilimia 70 ya ardhi yake ni malisho. Mifugo yao huitwa kwa pamoja pua tano: farasi, ngamia wa nundu mbili, ng'ombe pamoja na yaki, kondoo na mbuzi. Tena huigawa katika pua za moto na pua za baridi. Farasi na kondoo ni wa moto. Ngamia, ng'ombe na mbuzi ni wa baridi, na mgawanyo huo hauishii katika maneno, kwani wale wa baridi ndio wanaoonekana dhaifu zaidi mbele ya upepo wa Januari. Umaasaini nako, ambako ndiko nitakakotazama zaidi kwa upande wa Afrika Mashariki, wapo ng'ombe, kondoo, mbuzi na punda, lakini hapo ng'ombe ndiye taji, na wengine humzunguka. Mmongolia akitaka kumtaja mnyama wa fahari atamtaja farasi. Ila akitaka kuishi, atawahitaji wote watano.

Neno la Kimongolia dzud halina mwenzake katika Kiswahili. Wafugaji wenyewe hulitenga kwa rangi na kwa maada. Dzud nyeupe, tsagaan, ni theluji nene hata mdomo wa kondoo haufiki kwenye nyasi. Nyeusi, khar, ni kinyume chake: theluji haikuanguka, na kwa kuwa mito imeganda na theluji ndiyo maji ya kunywa ya msimu ule, mifugo hufa kwa kiu. Ya chuma, tömör, hutokea theluji inapoyeyuka kidogo kisha ikaganda tena, ikawa gamba gumu la barafu juu ya nyasi. Katika theluji ya wastani farasi ndiye mkombozi wa wadogo: hupiga chini kwa kwato, hufukua, hula sehemu yake, na kondoo hufuata nyuma wakila yaliyobaki.

Aliyeuona ukame wa Longido au wa Wajir atayasoma hayo kama mambo ya dunia nyingine. Ukame huua polepole, kwa miezi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, na wafugaji waliwatazama ng'ombe wao wakiisha kidogo kidogo. Dzud yaweza kumaliza zizi kwa majuma machache. Hata hivyo dzud mbaya mara nyingi huandaliwa na ukame wa majira ya joto yaliyotangulia. Nyasi zikikosa mvua mwezi Juni na Julai, mnyama huingia kwenye baridi akiwa hana mafuta mgongoni, na theluji ambayo mwaka mwingine angeistahimili inamlaza chini. Anakufa Februari kwa kosa la Julai. Hapo mfugaji wa Wajir angeelewa bila kufasiriwa.

Dawa ya kwanza kwa wote ni kuhama, lakini hawahami kwa sababu zilezile. Mongolia, familia huwa na makao ya misimu minne. Makao ya baridi huwa chini ya mlima, upande wa kusini, penye kinga ya upepo, na zizi lake hutandikwa kinyesi kikavu kilichoshikana ambacho huwapa kondoo joto usiku. Sharti kubwa la makao hayo ni kwamba nyasi zake haziguswi wakati wa joto. Anayezilisha Julai amejilia akiba yake mwenyewe, au mbaya zaidi, ya jirani. Wamaasai wa Tanzania wana alalili, na wa Kenya huita olopololi: malisho yaliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama, wagonjwa na ng'ombe waliotoka kuzaa. Wasukuma wana ngitili, ambazo zilikuwa zimekaribia kwisha Shinyanga kabla ya kufufuliwa tangu 1986 na HASHI, mradi wa hifadhi ya ardhi, hadi zikaenea tena kwa mamia ya maelfu ya hekta. Wazo la akiba ni moja. Mmongolia hutunza msimu mzima kwa ajili ya kundi zima. Mmaasai hutunza kipande cha ardhi kwa ajili ya walio dhaifu, na kundi lenye nguvu hulipeleka mbali.

Na huko mbali pia kuna majina mawili kwa kitu kinachokaribiana sana. Mongolia ni otor: vijana hubeba hema jepesi na kuondoka na mifugo kwa majuma au miezi, ama kuinenepesha kabla ya baridi ama kuikimbiza dzud. Umaasaini ni ronjo, kambi ya muda ya kiangazi. Tofauti ni kinachowasukuma. Mwendo wa Kimongolia hufuata baridi, upepo na kina cha theluji. Wa Kimaasai hufuata mvua, lakini hufuata pia magonjwa. Nyumbu wanapozaa katika nyanda za Ngorongoro na Serengeti, mnamo Februari na Machi, nyasi fupi za pale ndizo tamu kuliko zote, na ndipo hasa Mmaasai anapowatoa ng'ombe wake, kwa kuwa ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru yeye ila humuua ng'ombe. Ramani ya malisho ya Kimaasai ni ramani ya tiba vilevile. Mtaalamu anayepima nyasi peke yake atadhani wamekosa akili kuyaacha majani mabichi.

Sasa nifike jikoni, kwa sababu nadhani maandishi mengi juu ya malisho huanza na kuishia porini, yakasahau kwamba kundi hupangwa na kile kinachotarajiwa kutoka kwake.

Maziwa ya Mongolia ni ya msimu. Wakati wa joto humiminika yote kwa pamoja, ya majike wa pua tano, kisha hukatika. Kwa hiyo ufundi wote umekuwa wa kuyazuia yasipite: huganda yakawa tarag, hukaushwa juani juu ya paa la hema, ambalo huitwa ger, yakawa aaruul gumu kama jiwe, hutolewa malai mazito yaitwayo öröm, na ya farasi huchachushwa ndani ya kiriba cha ngozi ya ng'ombe yakawa airag, kinywaji kinachohitaji kupigwa kwa mti maelfu ya mara. UNESCO iliuingiza ufundi huo wa airag katika orodha ya urithi mwaka 2019. Umaasaini maziwa hupungua kiangazi lakini hayana tarehe ya kukoma, na ndama ana haki yake katika kila chuchu. Hapo ufundi haukwenda kwenye kukausha. Ulikwenda kwenye chombo: kibuyu husuguliwa kwa kijinga cha mti uliochaguliwa, moshi na mkaa vikaua vijidudu na kuacha ladha, na maziwa yakakaa siku kadhaa. Mmoja aliishinda miezi. Mwingine alizishinda siku chache, kwa kuwa ndizo alizohitaji kuzishinda. Sioni kwa nini mmoja aitwe ameendelea kuliko mwenzake.

Nyama inaeleza zaidi. Mwishoni mwa Novemba, mifugo ikiwa imenona na baridi imefika kiasi cha kugandisha kila kitu kilicho nje, familia ya Kimongolia huchinja kwa mkupuo nyama yote itakayoila hadi majira ya kuchipua. Huita idesh. Sehemu yake hukatwa vipande vyembamba, ikaning'inizwa, ikakaushwa na baridi yenyewe, ikawa borts. Tazama jiko hilo linafanya nini kwa malisho: kabla tu ya nyasi kuwa haba, kundi linapunguzwa, tena kwa wanyama walio katika uzito wao wa juu kabisa. Hakuna ofisa aliyeamuru. Kaskazini mwa Kenya kuna nyirinyiri, nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, ambayo ni binamu halisi wa borts. Lakini nyirinyiri ni chakula cha safari na cha heshima, wala haipunguzi kundi la nchi nzima kwa juma moja. Mmaasai hupunguza kundi mnadani, na mara nyingi huuza pale mahindi yanapopanda bei na ng'ombe amekonda, yaani wakati mbaya kuliko yote. Baridi imempa Mmongolia friji ya bure, na pamoja na friji, kalenda. Jua halikumpa Mmaasai zawadi hiyo.

Ndipo ikaja sufu ya mbuzi. Kashmiri ni yale manyoya laini ya chini yanayomkinga mbuzi na baridi, na kadiri baridi inavyokuwa kali ndivyo yanavyostawi. Huchanwa kwa kitana chenye meno marefu wakati baridi inapoisha, kabla hayajapukutika yenyewe. Mbuzi mmoja hutoa gramu 300 hivi. Mwaka 1990, ufugaji ukiwa chini ya vyama vya ushirika vya serikali, Mongolia ilikuwa na mifugo milioni 26 na mbuzi walikuwa mmoja katika kila watano. Kufika 2019 mifugo ilikuwa imepita milioni 70, na mbuzi wawili katika kila watano. Nchi hiyo sasa ni ya pili duniani kwa kashmiri, nyuma ya China, na sehemu kubwa huuzwa China ikiwa ghafi au imeoshwa tu, ingawa Ulaanbaatar kuna kiwanda cha Gobi kilichojengwa 1981 kwa msaada wa Japani.

Ugumu uko katika namna sufu inavyolipiwa. Maziwa na nyama huliwa nyumbani, na tumbo la familia lina kikomo. Sufu hulipwa kwa kilo, na kilo hazina kikomo. Hulipa ada za watoto, hulipa mikopo ya benki, hivyo mfugaji aongezaye mbuzi hafanyi jambo la kipumbavu hata kidogo. Ila mbuzi hula karibu sana na mzizi, wafugaji wenyewe husema, na ni pua ya baridi: dzud inapokuja huanguka mapema. Zao lililowatajirisha limeegemea mnyama aliye dhaifu kuliko wenzake kwa baridi ileile inayomtengenezea sufu. Mpango uliodhaminiwa na Uswisi kuanzia 2004, ulioitwa Green Gold, uliwaunganisha wafugaji katika vikundi vya watumiaji wa malisho na kuwatafutia wanunuzi wanaojali hali ya ardhi. Ni njia ndefu, lakini inaugusa mzizi wenyewe: bei isiyoangalia nyasi haiwezi kuzilinda nyasi.

Umaasaini hakuna kashmiri. Kinachovuta kundi huko ni soko la nyama la Nairobi na la Ghuba, na katika nyanda kadhaa kondoo na mbuzi wameongezeka kuliko ng'ombe kwa kuwa huzaa upesi baada ya ukame na huuzwa kirahisi. Mwelekeo unafanana, kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo. Sababu ndizo zinazotofautiana.

Kuhusu ardhi, nimejikuta nikibadili mawazo. Nilitarajia kuwapanga Wamongolia upande mmoja na Wamaasai upande wa pili. Haikuwezekana. Mwaka 1998 mwanaanthropolojia David Sneath alichapisha ulinganisho wa nyika moja iliyogawanywa na mipaka ya nchi tatu. Upande wa Urusi, penye ufugaji wa kukaa mahali pamoja, karibu robo tatu ya malisho ilikuwa imechakaa. Mongolia ya Ndani, ndani ya China, zaidi ya theluthi. Mongolia yenyewe, ambako watu walikuwa bado wanahama, kama sehemu moja ya kumi. Watu wa jamii moja kwa asili, nyasi za jamii moja; kilichotofautiana ni ruhusa ya kuondoka. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, aliutumia mfano huo kumjibu Garrett Hardin, ambaye mwaka 1968 alikuwa amedai kwamba malisho ya wote lazima yaangamie.

Mfano huo unaukata Umaasaini katikati vilevile. Katiba ya Mongolia ya 1992 inakataza malisho kumilikiwa na mtu binafsi. Kinachoweza kuandikiwa familia ni eneo la makao yake ya baridi. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ilikwenda njia inayokaribiana nayo, na huko Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao vikayaita OLENGAPA na kuyapatia hati ya pamoja. Kenya ilianza mwaka 1968 na ranchi za vikundi, kisha Kajiado nyingi ziligawanywa viwanja kwa viwanja, na seng'enge ikafuata. Kwa hiyo, kwa malisho yaliyogawanywa, Kajiado inafanana na Mongolia ya Ndani, na kwa malisho ya pamoja, Kiteto inafanana na Mongolia. Hata hivyo siwezi kumlaumu mzee wa Kajiado aliyeomba kipande chake: alikuwa ameona ranchi za wote zikiliwa na wenye nguvu, na hati ilikuwa ngao yake.

Ujamaa nao ulipita kote kuwili kwa namna tofauti. Operesheni Imparnati ya miaka ya 1970 ilitaka kuwakusanya Wamaasai wa Tanzania katika vijiji vya kudumu. Vyama vya ushirika vya Mongolia, negdel, havikuwakalisha watu mahali pamoja: viliwapa malori ya kuhamia, visima, nyasi zilizokatwa na madaktari wa mifugo. Lakini njia ya kuvifikia ilikuwa na machozi, kwani jaribio la kwanza la miaka ya 1930 lilizaa uasi wa 1932 na mamilioni ya mifugo yaliteketea. Vilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, familia zilirithi wanyama, malori yakaisha, visima vikaharibika, na watu waliopoteza kazi mijini wakarudi porini kufuga hata idadi ya kaya za wafugaji ikazidi mara mbili. Msongamano wa leo karibu na maji na barabara ulianzia hapo, na si haki kuuita desturi.

Linalobaki gumu kwa wote ni mgeni. Otor au ronjo haina maana kama upande wa pili hakuna wa kukupokea. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na Wamaasai wana osotua, neno ambalo asili yake ni kitovu: fungo la watu wawili ambapo mmoja akipungukiwa huomba, na mwenziwe hutoa bila kuandika deni. Mongolia wafugaji huachiana mifugo, hukaribishana katika hema bila kuuliza sana. Lakini dzud ya wilaya nzima huleta wageni kwa mamia, na nyasi wanazozila ni akiba ya mwenyeji ya baridi ijayo. Amewaokoa wao mwaka huu na kujiweka hatarini mwaka ujao. Vikundi vya watumiaji wa malisho huandika nani ni wa ndani, na OLENGAPA vilevile. Kila mstari unaolinda nyasi unamweka mtu nje, na mtu huyo siku moja atafika na kundi lililochoka. Mikataba bora niliyoisoma ya pande zote mbili ni ile inayotaja mapema mgeni atapitia wapi na atakaa siku ngapi.

Kuna jambo moja dogo ambalo limenikaa moyoni kuliko takwimu zote. Mongolia, mfugaji afikishaye mifugo elfu moja hutambuliwa rasmi na kupewa heshima ya kuwa mtu wa elfu. Mmaasai wa kimila hapendi kuhesabu ng'ombe wake, wala kuhesabiwa. Ni kualika balaa. Serikali moja hutoa cheti kwa namba ambayo kwingine haitamkwi. Lakini jioni, mifugo inaporudi, wote wawili husimama na kutazama rangi. Kimongolia kina maneno mengi sana ya rangi za farasi, zeerd mwekundu, kheer wa hudhurungi mwenye singa nyeusi, alag wa mabaka, na Kimaasai kina utajiri wa namna hiyo kwa ng'ombe. Mzee haanzi na moja, mbili, tatu. Anaona kwamba yule wa mabaka aliyepaswa kuwa nyuma ya yule mweusi hayupo, anamtuma kijana arudi njiani kabla giza halijaingia.